Shajara ya pikipiki ya kwanza: mwalimu mstaafu, goti bovu na njia ya Kengeja

Mwisho wa masika

Mradi ni huu: nipate pikipiki yangu ya kwanza, niijue, inifikishe shamba na kunirejesha bila ya kumsumbua mtu. Nimestaafu usomeshaji. Umri unasogelea sitini, goti la kulia hulalamika nikipanda ngazi, na chombo cha moto sijapata kukiendesha. Baskeli naijua, ndiyo iliyokuwa ikinipeleka skuli nilipokuwa mwalimu kijana, basi mizani ya magurudumu mawili si ngeni kwangu. Naandika kwa kuwa nilipotafuta maelezo ya mtu wa rika langu, tena mwanamke wa baibui, tena kwa njia zetu hizi za Pemba, niliambulia mijadala ya vijana wanaoulizana ipi ina spidi zaidi.

Safari ninayoitaka si ya ajabu. Nakaa Machomanne, Chake. Shamba la mikarafuu aliloacha marehemu baba liko ndani ya njia ya Kengeja. Hivi sasa napanda gari ya Mkoani, ile ya 603, nashuka Mtambile, nangoja nyingine, kisha natembea. Kwenda kuna nafuu. Kurudi ndiko kwenye kazi, maana magharibi ikikaribia gari zinapungua na zilizopo zimeshona. Msimu wa karafuu ndio usiseme: kila mwenye shamba anataka kuwahi kuwalipa wachumaji na kuanua majamvi kabla mvua haijateremka.

Bajeti nimeitenga kwenye kiinua mgongo: milioni mbili na nusu. Humo humo iingie pikipiki, kofia, bima na leseni. Kikibaki cha mafuta, alhamdulillahi.

Mashauri nimeshapewa mengi hata kabla sijauliza. Kaka yangu anasema nitafute kijana wa kuniendesha. Jirani anasema vespa, kwa kuwa wanawake wa Unguja mjini ndizo wanazopanda. Mtoto wa kaka, ambaye ni fundi pikipiki hapa Chake, anasema Boxa, pikipiki ya Bajaj wanayopanda bodaboda, na hataki kusikia jengine: "Shangazi, Boxa hailazi mtu njiani. Spea zake utazikuta hata dukani kwa muuza unga." Hoja hii nimeiandika, ina uzito wake.

Kipupwe kimeingia: siku ya kukalia

Nimejiwekea sharti. Sitawasha injini ya pikipiki yoyote kabla ya kuikalia ikiwa imesimama. Gereji ya mtoto wa kaka ni mahali pazuri pa kufanya hivyo, kwa sababu pikipiki za kila aina zimo zinangoja wenyewe na hakuna muuzaji wa kunishika mkono. Nimekwenda na futi kamba yangu ya kushonea. Vijana waliokuwepo walitaka kucheka, wakatambua ni mwalimu wao, wakaamkia.

Kipimo cha kwanza ni changu mwenyewe. Nimevaa viatu nitakavyoendeshea, nimeegemea ukuta, nikabana kitabu cha jalada gumu juu kabisa katikati ya miguu, na mke wa fundi akapima kutoka ukingo wa kitabu hadi sakafuni. Sentimita 74. Nambari hiyo nimeiandika kwenye kiganja nikaingia gereji.

Ya kwanza ilikuwa pikipiki ndefu ya mashamba, ya aina waliyokuwa wakipewa mabwana shamba na mabibi shamba wa miradi. Siti imepita sentimita 83. Nimeitazama, nikaipita.

Boxa siti yake inakaribia 80. Nilipokaa, vidole viligusa chini, visigino havikugusa. Kijana atakwambia vidole vinatosha, na yeye vinamtosha kweli, kwa kuwa ikimwelemea ataivuta kwa nyonga na mgongo. Mimi mgongo huo sinao tena. Halafu kuna namna ya kupanda: mguu wa kulia lazima uzunguke nyuma juu ya siti na keria. Goti langu lilikataa katikati ya safari hiyo, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja, nimeshika bega la fundi.

Vespa ya gia, zile PX za zamani, nilizitarajia kuwa fupi kwa vile zinaonekana fupi. Futi kamba inasema 81. Naipenda kwa moyo wangu wote. Ilianza kutengenezwa Italia na kampuni ya Piaggio mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye pikipiki za kawaida hakuzipenda: chafu, ngumu kupanda, zinamwaga oili kwenye nguo. Ndiyo maana akaficha injini, akaweka sakafu ya miguu na ngao ya mbele, na gurudumu akalishika upande mmoja tu kama la ndege. Mwanamume aliyewaza nguo za watu mwaka 1946 anastahili heshima. Lakini gia za vespa hii zinabadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi kwa mkono huo huo, na kifundo changu cha kushoto, baada ya miaka ya kuandika ubaoni na kushona, hakikuipenda kazi hiyo. Injini nayo imekaa upande wa kulia, kwa hiyo ukiisukuma unahisi inataka kulalia huko. Magurudumu ni ya inchi 10. Nimeyaona mashimo ya Mtambile, sihitaji maelezo zaidi.

Skuta ya otomatiki nilidhani ndiyo jibu. Haina gia wala klachi, breki zote ziko mikononi, sakafu ni tambarare, unapita miguu mbele bila ya kuinua goti. Siti sentimita 76. Nikakaa, na visigino havikufika. Fundi akapima tena, 76 ile ile. Siti yake ni pana mbele, inapanua mapaja, na mguu uliopanuliwa unakuwa mfupi. Basi urefu wa siti peke yake hauelezi kitu mpaka uangalie na upana wake pale unapokalia. Hili sijaliona limeandikwa popote na naliandika hapa kwa herufi za kukoza: kalia, usisome tu vipimo.

Kuna kijana aliyeniuliza kwa nini sitazami za umeme. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na nyumbani kwangu naweza kuchaji. Ila mtoto wa kaka hajawahi kufungua mota ya namna hiyo, na fundi wangu akiwa haijui, basi na mimi siitaki kwa sasa.

Kona ya mwisho kulikuwa na Honda moja ya rangi ya maziwa, ya mzee mmoja wa Wawi, imekuja kubadilishwa breki shuu. Ni aina ya Super Cub; fundi anaiita Kabu. Siti 73 na nusu, tena nyembamba mbele. Nimepitisha mguu hapo katikati baina ya usukani na siti, baibui nimelikusanya mkono mmoja, nikakaa. Nyayo zote mbili zikalala chini, kisigino na kidole. Mtoto wa kaka akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini shangazi, hii ni ya wazee." Nikamuuliza kwani mbele yake kasimama nani.

Siku chache baadaye: kwa nini Kabu

Nimerudi kuisoma vizuri kabla ya kuipenda mno. Honda waliitoa Japani mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilizotengenezwa zilikuwa zimevuka milioni 100. Hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kama hicho. Waliitaka itumiwe na watu wa kawaida, akiwemo anayepeleka chakula huku mkono mmoja umeshika trei. Ndiyo sababu klachi ya mkono haipo. Gia zipo, unazikanyaga kwa mguu wa kushoto: bamba la mbele kwa vidole kupandisha, bamba la nyuma kwa kisigino kushusha. Klachi inajishika yenyewe mzunguko wa injini ukipanda na inajiachia ukishuka. Kwa mwanafunzi wa umri wangu hili ni jambo kubwa, kwa sababu injini haizimiki kwenye mlima kwa kuachia klachi vibaya, na Pemba hii, hasa upande wetu wa magharibi, ni mlima na bonde, mlima na bonde.

Cheni yake imefunikwa yote ndani ya boksi la chuma. Mwanamke mwenye baibui, kanga au mtandio asiipite sentensi hiyo haraka. Cheni ya wazi ikishika ncha ya nguo haiachii. Inaivuta nguo na aliyeivaa. Ngao za miguu zinazuia tope. Magurudumu ni ya inchi 17, makubwa, membamba, yanapita juu ya shimo ambalo gurudumu la inchi 10 lingeingia.

Uzito wa ile ya injini ya 110 cc ni chini kidogo ya kilo 100. Nimeisukuma mwenyewe uwanjani kwa fundi, nikaiweka juu ya stendi ya katikati. Siri ya stendi hiyo ni kuikanyaga kwa uzito wa mwili wote mpaka miguu yake miwili iguse chini sawasawa, kisha unaendelea kukanyaga na pikipiki inapanda. Mikono inaongoza tu. Anayeivuta kwa mikono ataumia kiuno.

Ubaya wake nao. Siti fupi ina deni lake, kwani kadiri siti inavyokuwa chini ndivyo goti linavyokunjika zaidi ukiweka mguu juu ya kikanyagio. Nimekaa juu yake kwa kadiri ya robo saa, imesimama, natazama barabara, nione goti litasema nini. Lilisema kidogo. Nilipokaa kwa skuta lilisema zaidi, kwa sababu kule miguu inabaki pembe mraba muda wote. Tangi la Kabu ni dogo, lita 4 na ushei, lakini injini inakunywa kidogo sana. Na kwa spea hatuwezi kuidanganya nafsi: Boxa inashinda. Mtoto wa kaka amekubali kuweka kebo ya breki, breki shuu, plagi na tyubu za akiba. Vyengine vitatoka Unguja.

Kingo za barabara

Hili limezuka wakati wa kujaribu Boxa ya mteja mmoja mbele ya gereji, mtoto wa kaka akiwa kaishika nyuma, na ndilo lililomaliza ubishi wake. Sisi tunakwenda kushoto. Lami imeumbwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke kando. Ukisimama pembeni, basi, ardhi ya kushoto iko chini kuliko ya kulia, na mguu unaoushusha ni huo huo wa kushoto, maana wa kulia umekanyaga breki ya nyuma. Ukiongeza ukingo wa lami uliolika na mchanga uliokusanyika hapo, ile "vidole vinagusa" ya gereji inakuwa vidole vinatafuta. Pikipiki ikaanza kulala. Aliikamata.

Raha ya pikipiki kwa mtu aliyeanza ujana ni mambo ya siti laini na shokapu. Kwa sisi tuliochelewa, raha inaanzia pale inaposimama: unapofika njia panda, unaposhuka kuamkiana na mtu, unapogeuza mbele ya nyumba. Huko ndiko wanakoanguka wanaojifunza ukubwani. Ukiwa mwendoni magurudumu yanajishikilia yenyewe.

Kofia, na ushungi ndani yake

Nimetumia siku nyingi zaidi kwa kofia kuliko kwa pikipiki, na sijuti. Ukiwa na kofia ngumu iliyokukaa sawa, hatari ya kufa katika ajali inapungua kwa takriban asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa takriban asilimia 70. Nyingi zinazovaliwa na abiria wa bodaboda ni ganda la plastiki na sponji. Inayofaa, ndani ya ganda ina tabaka nene la povu gumu lililoshindiliwa, na kwenye mkanda wa kidevu imeshonewa kibandiko chenye herufi E ndani ya duara pamoja na nambari. Hiyo ni alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, na nambari ndefu ya kibandiko ikianza na 06 ni toleo la karibuni, ikianza na 05 ni lililolitangulia.

Kupima: futi kamba inazunguka kichwa juu kidogo ya nyusi. Lakini mimi nitavaa ushungi ndani, basi lazima nipime nikiwa na ushungi ule ule. Nimejaribu namna mbalimbali. Mtandio wa kuteleza kama hariri unaiacha kofia izunguke. Pini ni marufuku kabisa, ukigonga kichwa inaingia. Kifundo cha nywele nyuma kinaisukuma kofia mbele mpaka inakaa juu ya macho. Kilichofaa ni kofia ya ndani ya pamba inayovutika, nywele zimesukwa mabutu ya kulala, kisha juu ya shingo mtandio mfupi uliochomekwa ndani ya koti. Nikifika ninakokwenda, mtandio mkubwa uko mkobani.

Kofia ikikaa sawa, ngozi ya mashavu inakwenda nayo unapoigeuza. Ukiifunga mkanda na mtu akaisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele, isitoke. Ninavaa miwani, kwa hiyo nimechukua ya kufunika uso ambayo kidevu chake kinafunguka juu. Miwani inaingia baada ya kofia kuingia. Ina joto, sitasema uongo. Mwezi wa kaskazi tutaonana.

Unguja, kuchagua yenyewe

Tumevuka na mtoto wa kaka. Kabu za 110 zilizotumika Japani zilikuwepo mahali pawili. Kabla ya jambo lolote nimeweka kiganja karibu na injini. Injini iliyowashwa kabla hujafika inaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Ya kwanza ilikuwa vuguvugu, na muuzaji akasema ni jua, ilhali ilikuwa kivulini. Tukaagana kwa salama.

Ya pili ilikuwa baridi, ikawaka. Mtoto wa kaka aliiweka stendi ya katikati, akazungusha usukani polepole kutoka kona hadi kona akisikiliza kama kuna pahala unakwama katikati; akashika gurudumu la mbele akalitikisa kwa pembeni; akachomoa kizibo kidogo cha mpira kwenye boksi la cheni akachungulia cheni yenyewe. Spoku za nyuma zilikuwa na kutu kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma. Ubavuni mwa tairi kuna nambari nne ndani ya kiduara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La nyuma lilikuwa la karibuni. La mbele lilisomeka 3511, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2011. Meno yake mazima, linang'ara, lakini mpira unazeeka hata ukikaa ghalani, na tairi gumu halishiki lami yenye maji. Tumetoa bei ya tairi jipya kwenye bei ya pikipiki, muuzaji akakubali baada ya chai.

Kadi ya pikipiki nimeilinganisha na nambari za fremu na za injini, tarakimu kwa tarakimu, kabla pesa haijatoka. Chombo kimesafiri kwa meli hadi Mkoani, tangi likiwa tupu.

Gombani, baada ya alfajiri

Leseni ya kujifunza ninayo, herufi L nyekundu iko mbele na nyuma. Tunajifunza kwenye uwazi karibu na uwanja wa Gombani kabla watu hawajawa wengi. Watoto wa chuo cha Kurani wakipita wananiamkia na kusimama kutazama, mwalimu wao wa chuo anawafukuza, halafu naye anasimama.

Somo la mwanzo lilikuwa kusimama. Si kwenda. Kwenda mita chache na kusimama, mguu wa kushoto chini, wa kulia juu ya breki. Mtoto wa kaka aliliona linachosha akataka kuruka mbele, nikamkumbusha nani alimfundisha kusoma.

Kisha breki. Vijana wengi hapa hutumia ya nyuma peke yake kwa kuogopa kupinduka. Lakini unapofunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza, na kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na la mbele. Unaibana taratibu, kama unavyokamua chungwa, si kwa kuikamata ghafla. Kwenye mchanga na udongo wenye maji hapo ndipo unaipunguza na kutegemea ya nyuma. Vidole vyangu viwili havikutosha kubana. Natumia vyote vinne, na mtoto wa kaka ameisogeza hendeli ya breki karibu na mkono kwa kurekebisha kebo na pembe yake. Kazi ya dakika chache, na mkono ukaacha kuuma.

Kugeuza mahali pembamba ndiko kulikonitia jasho. Dawa yake: gia ya kwanza, mafuta kidogo yasiyobadilika, breki ya nyuma imeguswa tu, na macho yanatazama unakotaka kutokea. Ukitazama gurudumu, unaanguka hapo hapo kwenye gurudumu. "Shangazi, macho juu!" ndiyo sauti ninayoisikia hata nikilala.

Jengine la Kabu: usiingize gia ya kwanza huku unavuta mafuta. Klachi itashika ghafla na itaruka nayo.

Karafuu zimeanza kuvunwa: njia yenyewe

Leseni imepatikana. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kawaida, aliyenitahini aliniita Bi Mkubwa na hakunipunguzia hata alama moja.

Chake hadi Mtambile lami ni nzuri. Milima naipanda kwa gia ya tatu, mirefu kwa ya pili, magari yanapita na mimi nimekaa upande wangu. Kuteremka ndiko nilikokuwa nikikuhofia. Wapo wanaozima injini wakateremka bure ili kuokoa petroli, na hapo wamebaki na breki peke yake. Mimi nashusha gia mlimani juu, kabla ya kuanza kuteremka, injini inanizuia, breki naigusa tu.

Msimu huu kando ya barabara kumetandikwa majamvi, na njia inapungua upana. Watoto wanavuka kugeuza karafuu bila ya kutazama. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyomwagika juu ya lami ni kitu kidogo, lakini chini ya tairi jembamba kwenye kona yanazunguka. Nayapita pikipiki ikiwa imesimama wima, silali nayo.

Njia ya shamba ni udongo mwekundu. Ukiwa mkavu hauna neno. Baada ya mvua nashuka nikaiacha kwa jamaa walio karibu na barabara, namalizia kwa miguu. Kijana angepita. Mimi sina haja ya kupita.

Marekebisho

Baada ya kuitumia kwa muda, malalamiko ya mwili yamejipanga hivi. Mikono inakufa ganzi kwa mtetemo. Nimevisha vishikio vya sponji nene na nimejifunza kutovikaba. Kiuno kilikuwa kikiuma nikibeba mkoba mgongoni, basi kila kitu kinakwenda kwenye keria, kizito chini na karibu na siti. Magunia ya karafuu yanapanda gari kama kawaida, hayo si mzigo wa Kabu. Siti wengi wamenishauri niongeze sponji. Nimekataa, maana sponji itaninyanyua na visigino vitaachana na ardhi. Fundi wa kushona viti amenibadilishia sponji ya ndani tu, ngumu zaidi kwa unene ule ule. Mtu anaona ajabu kwamba siti ngumu ndiyo isiyochosha, lakini laini inadidimia mpaka unakalia bati.

Goti linasimama vizuri mpaka Mtambile. Hapo nashuka, nanyoosha, nanunua maji, naendelea.

Upepo wa hewa kwenye tairi napima baridi, asubuhi, kwa kufuata kibandiko cha kiwandani. Cheni naichungulia kwenye kizibo chake, ilegee kiasi, isikaze wala isining'inie. Oili ya injini ni kidogo, haifiki lita moja, kwa hiyo haivumilii kusahauliwa. Tarehe naiandika ukutani jikoni. Kwa chumvi ya bahari, spoku nazipangusa na kuzipaka mafuta kidogo.

Kuendesha usiku nimekukataa. Daktari wa macho alinieleza kuwa umri unapunguza uwezo wa jicho kurudi kwenye hali yake baada ya kumulikwa, na hapa kila gari inakuja na taa zote wazi. Ikiwa kazi shamba imechelewa, Kabu inalala kwa jamaa na mimi nafuata gari.

Yaliyobaki kabla ya vuli

Tairi la mbele limeshawasili kutoka Unguja, litafungwa wiki hii pamoja na tyubu mpya. Koti la mvua la vipande viwili bado. Nataka la rangi ya manjano, na yaliyopo dukani ni meusi. Kaka ameuliza kama siti ya nyuma inafaa kwa mtu wa uzito wake, nimemjibu kuwa leseni yangu bado mbichi. Boksi la mbao la keria fundi seremala ameahidi Alhamisi. Nimempelekea kipimo kwa maandishi, lisizidi upana wa usukani, na kifuniko kifunguke kwa nyuma ili nisilazimike kuushusha mguu mwengine.